Mtu wa Seoul Aliyekuja Kutupimia Sauti

Pyo Gyeong-tae alikuwa na vicheza muziki arobaini na kimoja. Hukusoma vibaya, arobaini na kimoja. Aliviweka kwenye sanduku la mbao lenye vishimo, kila kimoja na kishimo chake kama mayai ya kware, na kila Jumapili alivifuta kwa kitambaa cha miwani. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mke yuko hai, meno yote yapo, na hiyo ndiyo kazi aliyoona inafaa kufanya hapa duniani.

Kabla hajatuangukia sisi hapa kijijini Sutgol alikaa miaka ishirini na saba kwenye kampuni ya bima huko Seoul. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za watu waliogongwa na magari na kuamua kama kweli wamegongwa. Jioni akirudi nyumbani anavaa hedfoni, anafumba macho, halafu anaandika kwenye mtandao kile alichosikia. Si wimbo. Wimbo yeye hana habari nao. Anaandika kuhusu kile kidude kinachopiga wimbo. Nimewahi kumsoma mwenyewe, binti yangu alinionyesha kwenye simu. Aliandika hivi: "Besi ina joto lakini haina adabu." Mimi nimeuza vicheza muziki miaka kumi na sita na sijawahi kuona besi ikimkosea mtu heshima.

Alipostaafu akamwambia mkewe wahamie shamba, mahali pasipo na kelele, ili asikie vizuri. Mkewe akamjibu kwamba hewa ya shamba ni nzuri sana kwa afya, nenda kaivute. Akaja peke yake, na sanduku lake, akanunua ile nyumba ya marehemu mwalimu iliyo juu ya mashamba ya pilipili.

Sasa mimi. Naitwa Bang Deuk-su. Shule niliiacha nina miaka kumi na mitatu na shule haijawahi kunitafuta. Nina meza kwenye gulio linalokaa kila siku ya tano pale mjini, nauza tochi, vikatia kucha, soli za viatu, na zaidi ya vyote nauza kiredio chekundu. Ukubwa wake ni kama pakiti mbili za sigara zilizobanana. Kina spika mbele, vitufe vinene ambavyo hata kidole chenye matope kinavipata, kamba ya kufunga kiunoni, na kadi ndani yenye nyimbo elfu mbili za zamani, zile za stesheni ya treni na machozi na mama aliyebaki nyumbani. Watoto walioko mjini wanawanunulia wazazi wao, ndiyo maana watu wanakiita kiredio cha watoto wema. Katika wilaya nzima hakuna mwanamume aliyewafunga bibi wengi muziki kiunoni kama mimi. Hilo liandikwe kwenye jiwe langu nikifa.

Lazima uelewe jambo moja kuhusu watu wa huku kwetu Chungcheong, la sivyo utakuwa kama Pyo. Sisi hatusemi hapana. Hapana ni neno la watu wenye haraka. Ukija kutaka pilipili yangu kwa bei ya kitoto, sitakufukuza, nitakwambia tu, acha bwana, hii nitawashia moto. Ukinialika kwako na sitaki kuja, nitasema, wacha tuone mvua. Hata kama mbingu ni kavu kama kaka la yai. Mtoto wa miaka mitatu wa hapa anaelewa. Pyo, aliyekuwa anasikia kama besi ina adabu au haina, hakuelewa.

Mwisho wa mwaka wake wa kwanza, kwenye mkutano wa kijiji, Mwenyekiti Maeng alitaja jina lake ili tuamue kama anaingia kwenye daftari la wenyeji. Watu wakasema, si mbaya, tutaona. Mwingine akasema mwaka ni mrefu. Wa tatu akasema supu inapoa. Tukaenda kula. Yule bwana akarudi kwake anacheka peke yake, na kesho yake akapeleka keki za mchele kila nyumba, zimefungwa kwa karatasi ya rangi, akishukuru kwa kupokelewa. Tulizila. Hakuna aliyemwambia kitu, ungeanzaje kumwambia mtu aliyekupa keki.

Aligundua mwezi wa pili, mzee Ok alipofariki. Pyo aliona magari yamepangana barabarani, akashuka kuuliza kuna nini. Alikuta watu wote wa Sutgol wamekaa kwenye mikeka wanakula supu ya msiba, na yeye pekee hakuitwa. Alimfuata Mwenyekiti, rangi imemtoka, akamuuliza kwa nini. Mwenyekiti akasema, aa, tulidhani una shughuli.

Hapo akajua. Na mkewe huko Seoul akajua pia, akampa neno lake la mwisho kwenye simu, ambalo Pyo mwenyewe alilisema mbele ya duka bila kuulizwa: mwezi wa kumi na mbili wakikukataa tena, uza hiyo nyumba urudi, mimi siwezi kuwa na mume anayeishi mahali ambapo hata wafu hawamtaki. Kumbe ile nyumba ilikuwa na bustani ambamo ameshapanda miti ya matunda ya persimoni, na persimoni haizai kwa mwaka mmoja. Alitaka kubaki yule mtu. Sijui alipenda nini huku. Labda kimya.

Basi ikaja Siku ya Wazazi, tarehe nane mwezi wa tano. Kila mwaka vijana wa kijiji huwanunulia wazee zawadi. Nikisema vijana usicheke, kijana wetu mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na mbili na anavaa mkanda wa mgongo. Mwaka ule ilishasemwa kwamba zawadi iwe ya muziki, na mimi nilishatenga viredio ishirini na vitatu chini ya meza yangu, nimeshavifuta vumbi. Ndipo Mwenyekiti akasema mbele ya watu, kwa sauti ya kumhurumia Pyo, kwamba tuna mtaalamu hapa, kwa nini asituchagulie yeye.

Pyo aliinuka akainama karibu aguse sakafu. Akasema hatanunua kitu kwa kubahatisha. Atafanya tathmini.

Tathmini yenyewe ilikuwa hivi. Alikuja kwenye jumba la kijiji na vidude vitatu, kimoja kikiwa kiredio changu alichokinunua kwangu gulioni bila kuniambia anakipeleka kwenye kesi. Alikiweka mezani, akakiwasha, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa asiyepona. Akasema spika yake ni kama kuku aliyefungiwa ndani ya debe. Akasema sauti za chini hazipo kabisa, sauti za juu zinakata kama bati, na kitu kama hiki kinawadharau wazee. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale namenya chestnati. Bibi Tak, aliyekuwa karibu nami, akanigusa goti akaninong'oneza kwamba kuku wangu amesifiwa.

Huyu Bibi Tak Bun-im alikuwa na miaka themanini na minne, mjane, analima pilipili na maharage peke yake kwenye mteremko ambao mbuzi angekataa. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini kwa ukali wa kwetu, ule unaoingia taratibu na unaugundua ukishafika nyumbani.

Kile alichokipenda Pyo kilikuwa kidude chembamba cha chuma, kidogo kama kiberiti, mgongo wake unang'aa kama kioo. Hakina spika. Lazima uvae hedfoni. Hakina vitufe, unakipapasa tu uso wake na kinaelewa, kama una vidole vya mpiga kinanda. Aliwaketisha wazee mmoja mmoja kwenye kiti, akawavika zile hedfoni juu ya vitambaa vyao vya kichwa, akawapigia wimbo mmoja wa kizungu wa mtu anayegonga ngoma polepole, na akawauliza wampe alama kuanzia moja hadi kumi. Kidaftari mkononi, kalamu sikioni.

Babu mmoja akasema, hiki ni kizuri mno kwetu. Pyo akaandika tisa. Mwingine akasema, nyie mliosoma ndio mnaojua. Akaandika tisa na nusu. Bibi mmoja akasema kina uzito mzuri, hakitapeperuka. Pyo akapiga mstari chini ya maneno hayo. Ikafika zamu ya Bibi Tak. Alikaa na hedfoni muda mrefu kuliko wote, macho wazi, anatazama ukuta, halafu akazivua taratibu akazirudisha kwa mikono miwili.

"Kitu kizuri," akasema. "Mpelekee mama mkwe wako."

Pyo machozi yakamlengalenga. Akaandika kumi.

Unaniuliza mimi nilifanya nini. Nilimenya chestnati. Mwenyekiti naye alitazama dirishani kana kwamba kule nje kuna tembo. Jumba zima lilikuwa limeshamwambia hapana mara ishirini na tatu, na yule mtu alikuwa anajumlisha. Ningeweza kumshika bega nikamwambia. Lakini kuku wa nani aliitwa kuku?

Tarehe nane wazee walipewa ua la kifuani na kile kidude, kila mmoja kwenye boksi jeusi. Kila mmoja akasema, ya nini kujisumbua. Pyo alipiga picha. Jioni ile alinikuta barabarani akanifariji, akasema, "Kaka Bang, usichukulie kwa ubaya, bidhaa yako ina nafasi yake." Nikamwambia ni kweli, dogo, ina nafasi. Kiunoni kwa watu.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Pyo alikuwa na utaratibu, kila kidude lazima akipime tena baada ya wiki tano za matumizi. Katikati ya mwezi wa sita akatoka na kidaftari chake kwenda nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa nampelekea Bibi Tak betri, na nilimwona karibu njia nzima, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Nyumba ya kwanza boksi lilikuwa kabatini kando ya picha ya mahafali ya mtoto wao, na ile plastiki haijatolewa. Mwenyewe akasema anakitunza kisichakae. Nyumba ya pili kilikuwa kimewekwa juu ya mfuniko wa chungu cha soya ili upepo usiufungue. Pyo akakumbuka basi yale maneno ya uzito, nilimwona akigeuza kurasa. Nyumba ya tatu kilipelekwa kwa mjukuu huko Daejeon. Nyumba ya nne walisema kipo, kipo, na wakampa tango ale. Na muda wote huo, kutoka kila shamba, kutoka juu na chini ya bonde, alikuwa anasikia kuku wangu wakiimba ndani ya debe.

Tukafika kwa Bibi Tak. Maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yametoa vichwa, na wakati huo njiwa hushuka kuyang'oa moja moja kama wanalipwa. Bibi alikuwa amechomeka mti wa mwanzi katikati ya shamba. Kwenye ncha ya mwanzi, kwa uzi wa kushonea magunia, kilikuwa kinaning'inia kile kidude cha chuma. Upepo unakizungusha, mgongo wake unamulika huku na huku, na njiwa wamekaa mbali kwenye waya za umeme wanakitazama kwa heshima. Waya wa hedfoni ulikuwa umefunga mche wa nyanya.

Pyo alisimama kwenye tuta kinywa wazi. Bibi Tak alikuwa amechuchumaa anapalilia, kiredio chekundu kiunoni kinalia stesheni na machozi.

"Mama," Pyo akasema, "si ulisema ni kizuri?"

"Nilisema ni kizuri. Nilisema nakitaka?"

"Nilikuandikia kumi."

"Uliandika wewe. Mimi sijui kuandika."

Pyo akachuchumaa naye, suruali yake safi inaingia kwenye matope. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na nakwambia kweli, hakuwa anauliza habari ya kidude tena. Akamuuliza kwa nini hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia ukweli. Mtu mmoja tu angetosha.

Bibi Tak aling'oa majani mengine matatu kabla hajajibu. Akamwonyesha ng'ambo ya bonde kwa ncha ya kijembe. Kule, shambani kwa rafiki yake, kulikuwa kunasikika kiredio kingine, kwa mbali, wimbo mwingine.

"Yule ana presha," akasema. "Mimi moyo unanisumbua. Asubuhi nikikifungua changu, anajua nimeamka. Asipofungua chake, nitakwenda kumtazama. Nikivaa hivyo vya masikioni nitasikia peke yangu, na pikapu ya Mwenyekiti ikirudi nyuma itanikanyaga nikiwa nasikiliza ngoma ya mzungu. Ulitupima masikio tu, mtu wa Seoul. Hukuuliza tunasikilizia nini."

Halafu akamwambia kwamba kwa njiwa, hata hivyo, kile kidude ni bora kuliko sahani zote alizowahi kuning'iniza, hilo aandike. Pyo hakuandika. Akainuka akaenda zake, kidaftari amekikunja kama barua ya kufukuzwa kazi. Mimi nilicheka hadi nikakaa kwenye tuta. Bibi Tak akanitazama akasema nina kicheko kizuri, nikakichekee nyumbani kwangu.

Siku nne Pyo hakutoka. Siku ya tano ilikuwa ya gulio, akaja mezani kwangu. Akanunua kiredio chekundu kimoja, hakuomba kupunguziwa, jambo ambalo ni tusi kubwa kwa mfanyabiashara, akajifunga kiunoni na akaondoka. Kutoka siku hiyo ukimwona barabarani anakwenda kinalia, uso wake kama mtu aliyebeba jeneza la ndugu. Nilijua anaumia. Nilifurahi sana.

Furaha yangu iliishia kwenye mvua za mwezi wa saba. Sasa, kiredio changu nitakisifu hadi kesho, lakini maji hakipendi. Kila masika vinakufa kwa dazeni, na mimi kwa moyo mzito huwaambia wateja hakuna dawa, chukua kipya. Biashara safi kabisa. Mwaka ule cha Bibi Tak kilinyamaza kwenye mvua, na Pyo, ambaye kila asubuhi sasa alikuwa anasikiliza bonde zima ili kujua nani amefungua na nani hajafungua, aliteremka mbio akiwa na malapa, akidhani bibi amekufa. Alimkuta mzima, anakitukana kiredio. Pyo akakichukua. Akaja na vibisibisi vyake vidogo vya kuchezea vile vidude arobaini na kimoja, akakifungua, akasafisha kwa brashi na spiriti, akaunga waya wa spika, akakirudisha kinalia.

Na aliporudisha alisema, kama kawaida yake, kwamba spika hii ni aibu kwa aliyeitengeneza.

Baada ya hapo akatengeneza kingine. Akatengeneza kumi na kimoja kabla mvua hazijaisha, bure, na kila kimoja akakirudisha na hotuba ya namna kilivyo kibovu. Watu walikuwa wanamwachia mlangoni kwenye mifuko ya plastiki. Mwezi ule mezani kwangu niliuza vikatia kucha tu. Kwa hiyo nikisema namdharau Pyo Gyeong-tae ujue nina sababu zaidi ya moja, na nyingine ni za kiuchumi.

Ukafika mwezi wa kumi na mbili. Mkutano ulikuwa mchana, jumba limejaa, sakafu inayopashwa moto kwa chini inaunguza makalio, sufuria za supu ya mkia wa ng'ombe zinatokota nyuma. Pyo alikaa karibu na mlango, amevaa suti ya bima. Tulijua sote mkewe anasubiri simu. Mwenyekiti Maeng akamaliza mambo ya mfereji na mambo ya mbolea, akakohoa, akataja jina la Pyo.

Mmoja akaanza kusema kwamba mwaka, unajua, ni mrefu. Nilimwona Pyo akifumba macho. Alishajifunza neno hilo maana yake nini.

Bibi Tak akaweka bakuli lake chini.

"Huyu mtu masikio yake ni ya bure kabisa," akasema. "Alituletea vibati vya kutufanya viziwi, akazunguka na kidaftari kama karani wa mahakama. Kitunguu hajui kupanda. Keki zake za mwaka jana zilikuwa ngumu kama kisigino changu, nilimpa mbwa, mbwa akanitazama."

Jumba likapasuka kwa kicheko. Babu aliyekuwa ametoa tisa na nusu akaongeza kwamba gari lake analiegesha kama ng'ombe aliyelala. Mwingine akasema kwamba suruali zake zingemtisha bibi harusi. Mwenyekiti mwenyewe, mtu mpole ambaye hata mbu humwomba samahani, akasema kwamba Pyo akiinama kusalimia huwa anaogopa itabidi amwite fundi wa mgongo. Na mimi nilisema langu, nililitayarisha tangu mwezi wa saba, lakini hapa siliandiki kwa sababu binti yangu anasoma.

Sijui kama ninyi huko kwenu ni hivi. Kwetu mtu wa nje hatukanwi. Mtu wa nje huambiwa karibu, pole na safari, kula tango. Ukiona mtu anasemwa machoni mbele ya kijiji kizima, tena na Bibi Tak, basi ujue huyo ni wa kwetu na tumeshachoka kumwonea aibu. Mwenyekiti akaomba makofi ya kumkubali, makofi yakapigwa, na supu ikaletwa.

Lakini Pyo hakuyasikia makofi. Wakati tunamcheka alikuwa ameshasimama, ameshavaa viatu, ameshatoka. Mwaka mzima wa kwanza alisikia hapana akadhani ni ndiyo. Sasa alipewa ndiyo kubwa kama nyumba, akaisikia hapana. Masikio ya dhahabu hayo, bwana.

Bibi Tak akanitazama akaniambia miguu yangu ni mizuri. Nikainuka nikaenda.

Nilimkuta anapakia gari. Lile sanduku la mbao lilikuwa limeshaingia kiti cha nyuma, amelifunga mkanda kama mtoto. Simu ilikuwa mkononi. Nitakwambia ukweli wangu wote: nilisimama pale getini nikahesabu. Huyu akiondoka leo, mwakani mvua ikinyesha viredio vitakufa kama zamani. Nilihitaji tu kusema, nenda salama. Hata nisingekuwa nimedanganya.

"Umempigia mkeo?" nikamuuliza.

"Bado. Nilitaka kwanza nitoke hapa, nisije nikalia kwenye simu." Akafunga mlango wa gari. "Kaka, nilijua hawanitaki. Lakini hata suruali zangu?"

Basi nikakasirika. Mtu anaweza kuwa mjinga, sawa, lakini ujinga una mpaka, huyu alikuwa ameuvuka na bado anaendesha.

"Umepigiwa makofi, kichwa maji," nikamwambia. "Jina lako liko kwenye daftari, Mwenyekiti ameandika kwa wino. Supu yako inapoa."

"Walinitukana."

"Ulitaka wakusifu? Mzee Ok tulimsifu, siku tunamzika."

Alinitazama kama anavyotazama spika. Nikaona anarudia yale maneno kichwani, moja moja, anayapima. Keki, mbwa, kisigino. Halafu akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, juu ya theluji kidogo iliyokuwepo, na suti yake, na akatoa sauti ambayo mimi si mtaalamu, siwezi kukuambia kama ni kicheko au ni nini, maana nilikuwa natazama tairi la gari. Aliponiuliza kama nina hakika, nilimwambia kwamba Bang Deuk-su hapandi mlima ule kwenye baridi kwa sababu ya mtu wa nje.

Alimpigia mkewe pale pale ngazini. Sikusikiliza, lakini mama yule ana sauti nene, na nilisikia akiuliza, "Walikusema mpaka suruali?" halafu akasema wikendi atakuja kuona hao watu wenye macho.

Theluji yenyewe ilianguka mwezi wa kwanza, hadi magotini. Alfajiri Mwenyekiti akawasha kile kipaza sauti cha kijiji kilichofungwa juu ya jumba, akasoma majina ya wanaotakiwa kuja kuondoa theluji barabarani kwa koleo. La Pyo lilikuwa la tano. Alifika wa kwanza, na koleo jipya ambalo karatasi ya duka bado imelishikilia. Akachota mara mbili, akasimama, akainamisha kichwa upande, akatangaza kwamba kile kipaza sauti kinakwaruza vibaya sana kwenye sauti za juu, na akauliza tumewezaje kuvumilia miaka yote hii.

Mwenyekiti hakuacha kuchota theluji. Akamwambia ngazi iko nyuma ya jumba.